Mtoto wetu aliishi siku tatu, mama yake hakumuona. Picha ninayo mimi kwenye simu. Nimwoneshe?

Fundi Vioo – Jumapili, saa 5:48 usiku

Wakuu habari za usiku. Humu mimi ni msomaji tu wa nyuzi za mpira na magari, sijawahi kuanzisha wa kwangu, mnivumilie maana hapa nimeandika nikafuta mara nne.

Mke wangu alijifungua mwezi uliopita, leo ni wiki tano na siku kadhaa. Mimba ilikuwa ya wiki 33. Jumatatu alianza kulalamika kichwa tukasema joto la Dar hilo, Jumatano miguu imevimba mpaka ndala hazimwingii, usiku akaanza kuniambia anaona vimulimuli. Nikakimbilia bajaji, tunafika hospitali presha 180 kwa 120, hawajamaliza hata kumwandika akadondoka mbele yangu, kifafa cha mimba. Hapo sitaelezea. Wakamwingiza chumba cha upasuaji usiku huohuo, wakatoa mtoto wa kiume kilo 1.6, yeye akapelekwa kwa mahututi hajitambui siku mbili na nusu.

Kwa hiyo mtoto nilikuwa naye mimi. Naosha mikono mpaka viwiko, navaa gauni la kijani, naingia chumba cha njiti. Katoto kana mpira wa oksijeni puani na mwingine wa maziwa mdomoni. Nilikuwa nampa kidole kimoja anakishika, na anakishika kweli, sio kwamba nasema tu. Siku ya tatu alfajiri nikapigiwa simu.

Wazee wakasema kichanga hakiwekwi, na mama asiambiwe mpaka apate nguvu. Akaoshwa, akavikwa sanda, akasaliwa, saa saba mchana tumeshamaliza. Tulikuwa watu tisa. Baba mdogo ndiye aliyempakata kwenye gari. Shehe akauliza jina nikasema Idrisa, ndilo tulilokubaliana mimi na mama yake, jina la marehemu baba mkwe.

Sasa sikieni. Mke wangu alipozinduka akauliza mtoto, akaambiwa yuko chumba cha joto anaendelea vizuri. Na mimi nilikuwepo nikaitikia kwa kichwa. Kesho yake maziwa yakajaa, akawa anakamua kwenye kikombe anampa dada yangu ampelekee mtoto, dada anaenda kumwaga chooni anakiosha kikombe anarudi nacho. Siku nzima. Jioni dada akashindwa, akakaa chini kwenye korido analia, ndio mke wangu akajua.

Kurudi nyumbani akakuta mashangazi wameshatoa kila kitu, beseni, nguo, kineti cha mtoto, nyumba imefagiliwa hakuna hata soksi. Hakuna anayetaja jina. Mama mkwe juzi kasema jina la Idrisa tuliweke akiba kwa atakayekuja. Mke wangu alinyanyuka akaingia ndani, mpaka leo mama yake anamjibu ndio na hapana tu.

Swali langu. Nina picha tatu na video ya sekunde 11, nilimpiga siku ya pili akiwa hai. Mke wangu hajui kama zipo. Nimezihamishia kwenye simu ya zamani nimeificha kwenye boksi la vifaa vya kazi. Wazee wananiambia nitakuwa namfukulia kidonda. Na mimi kusema ukweli naogopa ataniuliza kwanini wewe ulimuona mimi hapana, halafu mkanizikia.

Kingine, bosi wake (yuko duka la jumla, ana mkataba) kapiga simu anauliza anarudi lini kazini maana "hakuna anayenyonya". Mwenye kujua sheria anisaidie.

Hospitali sitaitaja, naomba msiniulize.

---

Kichuguu – Jumapili, saa 5:59 usiku

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana mkuu. Sina ushauri, nimeisoma hiyo ya kikombe nimeweka simu chini kwanza.

---

Mzaramo Asilia – Jumatatu, saa 12:15 asubuhi

Pole ndugu, kazi ya Mungu haina makosa. Nyie bado vijana mtapata mwingine, la muhimu mama mzima. Hizo picha futa, usiishi na vitu vya nyuma.

---

Mama Mapacha – Jumatatu, saa 1:40 asubuhi

Mzaramo nakuheshimu ila hiyo "mtapata mwingine" mimi niliambiwa mara ngapi sijui, na mwingine nilikuwa naye mkononi nanyonyesha! Nilijifungua mapacha 2011, mmoja akaondoka siku ya sita. Watu wanakuja kunipa pole wanamalizia na hongera, sasa hujui upokee ipi. Wanaangalia yule aliyebaki wanasema shukuru umeachiwa mmoja. Nilishukuru, kwani nani kasema sikushukuru, lakini kila nikimnyonyesha kulia, kushoto panajaa panamsubiri mwenzie.

Nikiulizwa nina watoto wangapi nasema watatu, mama yangu mzazi ananikatisha mbele za watu, wawili. Haniudhi kwa ubaya, anadhani ananikinga.

Mimi picha sina. Nilichonacho ni kile kipande cha plasta walichomfunga mkononi, kimeandikwa jina langu halafu "Pacha wa 2". Wino umefifia siku hizi unasoma kwa kukisia. Nyumba ikiungua leo, watoto wakishatoka, narudi kukichukua hicho.

Kwa hiyo kaka yangu usifute. Ila pia usimshtukize, usije ukamwekea simu usoni ukadhani ni zawadi. Mwambie zipo, ziko mahali salama, siku ukitaka niambie. Halafu nyamaza. Asipotaka mwezi huu, sawa. Ameshaamuliwa vitu vyote huyo mwanamke, lini akatwe, lini aambiwe, nani azike, nguo ziende wapi, hili moja muachieni aamue mwenyewe.

---

Dume la Pwani – Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Mwanaume unafungua uzi kulialia, familia itasimama na nani?

---

Kichuguu – Jumatatu, saa 2:07 asubuhi

Dume rudi kwenye uzi wa Simba na Yanga, huku umepotea njia.

---

Nesi wa Zamu – Jumatatu, saa 4:30 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku nikaukuta huu, nikasema nilale kwanza nimeshindwa. Pole baba Idrisa. Nitakuita hivyo kama huna neno.

Kwanza maziwa. Hili hatuwaambii watu vya kutosha. Kondo likishatoka mwili unapokea taarifa kwamba kuna mtoto, basi, wenyewe haujui kilichotokea, maziwa yanajaa siku ya pili mpaka ya nne hata kama kitanda ni kitupu. Wiki ya tano mengi yanakuwa yamekauka, lakini akisikia mtoto wa jirani analia anaweza kujikuta blauzi imelowa. Sio kwamba anaumwa. Kwa wengine mnaosoma ambao ndio kwanza yamejaa: sidiria inayoshika vizuri, sio kujifunga khanga kifuani mpaka unashindwa kuhema kama bibi zetu walivyofundisha, kitambaa cha maji baridi, wengine wanaweka jani la kabichi lililotoka kwenye friji, panadoli, na kukamua kidogo tu kupunguza maumivu, ukikamua yote unauambia mwili ulete mengine. Titi likiwa jekundu, gumu sehemu moja, na homa, hiyo ni hospitali. Dawa ya kukausha ipo ila anaandika daktari, na kwa aliyekuwa na presha kama mkeo kawaida hatumpi.

Pili huyo mama bado ni mzazi. Naona hata ndugu wanasahau, mtoto hayupo basi na kliniki ya mama haiendwi. Kapasuliwa, kapata kifafa, anatakiwa kuangaliwa mpaka siku ya 42 na presha yake ifuatiliwe zaidi ya hapo. Presha ya ujauzito inatakiwa iwe imeshuka ndani ya wiki 12, ikigoma hiyo ni presha yenyewe inahitaji matibabu. Kapimwa lini mara ya mwisho?

Tatu, na hili mwambie kwa sauti hata kama hajauliza, hakuna alichokula wala alichobeba. Najua kichwani anahesabu, zile ndoo za maji, ile safari ya Tanga, lile pilipili. Kila mama aliyepoteza niliyemhudumia ana orodha yake. Kifafa cha mimba kinaanzia kwenye kondo, mishipa yake haikukaa sawa tangu mimba changa. Rudini mkamuombe daktari akae na nyie awaeleze na faili likiwa mezani, ni haki yenu. Na siku mkiamua kubeba tena (sio lazima, na sio kesho, ule mshono bado) muwahi kliniki mapema sana mseme historia hii, kuna aspirini ya dozi ndogo inayoanzwa karibu na wiki ya 12, kabla ya 20, inapunguza hatari isijirudie. Sio ya kujinunulia duka la dawa.

Nne. Asipolala hata nyumba ikiwa kimya, akiacha kula, akianza kusikia sauti, au akisema anataka kumfuata mwanae, usisubiri shehe wala mchungaji, mlete siku hiyohiyo. Huzuni haina dawa ila ugonjwa wa huzuni unayo.

Na hayo ya kumficha, samahani kwa niaba ya wenzangu. Tulifundishwa hivyo, mama mwenye presha asishtuliwe. Lakini kuna wodi nimefanya kazi tulikuwa tunamsukuma mama na kitanda chake mpaka kwa mtoto, dripu imeshikwa na mtu mkononi, amuone, amguse, ndio tuendelee na mengine. Hakuna aliyekufa kwa kumuona mwanae.

---

Fundi Vioo – Jumatatu, saa 7:10 mchana

Nimesoma nikiwa saiti, nimejifanya napima dirisha.

Nesi presha alipimwa mara ya mwisho siku ya kutoa nyuzi. Kesho nampeleka. Na hiyo ya orodha umejuaje? Kaniambia usiku mmoja kwamba ni kwa sababu aliinama kufua mapazia.

Baba Idrisa sina neno. Wewe ndio wa kwanza kuniita.

---

Abuu Salha – Jumatatu, saa 9:20 alasiri

Assalamu alaykum. Ndugu yangu nimeona wazee wamekuchanganyia desturi na dini, nikaona niseme nijualo, sio mimi mwanachuoni.

Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim akiwa bado ananyonya, na alilia, machozi yalimtoka mbele za maswahaba, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Sasa nani huyo anayekwambia wewe au mkeo kulia ni kukosa subira?

Jina alishapewa, kasaliwa nalo kazikwa nalo, ni lake. Mkija kujaliwa mwingine mkataka kumwita hivyohivyo ni hiari yenu, lakini sio kwamba huyu wa kwanza alikuwa analishikilia nafasi tu. Kuhusu mama kwenda kaburini, wanachuoni wamehitilafiana juu ya wanawake kuzuru makaburi, wapo wanaoruhusu kwa adabu zake, muulize shehe wenu. Ile ya "asikanyage mpaka arobaini" ni mila. Picha ni ya mtoto akiwa hai, mimi sioni neno.

---

Wakala wa Bwana – Jumatatu, saa 10:02 jioni

Huyo mtoto kachukuliwa. Chunguza majirani. Nitafute pembeni nikuelekeze.

---

Mama Mapacha – Jumatatu, saa 10:05 jioni

Wasimamizi mtoeni huyu. Kila msiba hawakosi.

---

Chagga wa Ubungo – Jumatatu, saa 11:30 jioni

Nilipita hapo 2018, wa kike, aliishi saa 19. Sisi Wakatoliki, nesi Mlutheri akambatiza kwa maji ya bomba kwenye kimfuniko cha chupa maana padre asingewahi, na ubatizo wa dharura mtu yeyote anaruhusiwa. Mpaka leo kila Pasaka mke wangu anamtumia yule nesi meseji. Tulizika Marangu kihambani (shamba la ukoo), mama yake akiwa bado wodini Dar, na ndicho kitu pekee tulichogombania kwa miaka miwili bila kukitaja, tunagombania chumvi, tunagombania rimoti, kumbe ni hicho. Ongea naye mapema kaka.

---

Karani wa Ajira – Jumatatu, saa 2:15 usiku

Nijibu la kazini, maana bosi anacheza na asiyejua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33. Mwanamke ana siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, akizaa zaidi ya mmoja 100. Hakuna mahali inasema mtoto akifariki likizo inakatika. Kinyume chake, kifungu hichohicho kinasema mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe, mama anapata siku 84 nyingine za uzazi zenye malipo ndani ya mzunguko wa likizo, yaani ile miaka mitatu. Hesabu yake ni kwamba akijaliwa kujifungua tena ndani ya mzunguko huo asiambiwe "ulishachukua". Na ndani ya wiki sita za mwanzo haruhusiwi kufanya kazi kabisa mpaka daktari athibitishe yuko fiti, sasa huyo yuko wiki ya tano bosi ameshapiga simu!

Baba naye ana siku zisizopungua 3 za uzazi, na kifungu cha 34 kinakupa siku zisizopungua 4 za malipo mtoto akiumwa au akifariki. Najua fundi wa saiti nani atakulipa, lakini wengine wasome.

Ushauri: mjibu kwa maandishi, heshima, ambatisha karatasi za hospitali, nakala baki nayo. Akigoma kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hii ni kama ana zaidi ya miezi sita kazini. Na nendeni RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) msajili, mtoto aliyeishi siku tatu alizaliwa na alifariki, ni vyeti viwili. Wengi wanaruka hiyo wanaona haina maana, halafu siku bosi anataka uthibitisho hakuna karatasi.

---

Fundi Vioo – Jumatatu, saa 2:40 usiku

Ana miaka miwili pale. Asante sana mkuu, umenipunguzia mzigo mmoja. Barua naandika leoleo.

---

Mwana Kisauni – Jumatatu, saa 3:50 usiku

Pole sana ndugu, natokea Mombasa. Sisi huku tuna watu wanaitwa Still A Mum, makao yao Nairobi, aliianzisha Wanjiru Kihusa baada ya yeye mwenyewe kupoteza. Wana vikundi vya wazazi, wana washauri nasaha, na wababa pia wanaongea huko. Dada yangu alienda akitetemeka, akarudi kasema "kumbe mimi si mwendawazimu". Watafuteni mtandaoni hata kama mko Bongo, kusikiliza tu. Na kila tarehe 15 Oktoba, saa moja jioni, wazazi waliopoteza wanawasha mshumaa kukumbuka, dunia nzima. Dada huweka dirishani, jirani wakiuliza anasema stima imepotea.

---

Wa Leicester – Jumatatu, saa 5:10 usiku

Niko Uingereza miaka mingi, wetu alizaliwa tayari ameshaondoka, wiki 38. Huku wakunga walituletea kiboksi, ndani wameweka alama za nyayo zake kwa wino, kofia yake, na kipande cha nywele. Mimi nilikasirika, nikaona Wazungu hawa vipi, mtoto kafa mnaniletea boksi! Nikalitupa juu ya kabati. Mwaka wa pili ndio nimelishusha. Kuna chama kinaitwa Sands kipo tangu 1978, kimeanzishwa na wazazi wenyewe, na ukisoma enzi hizo hata huku walikuwa wanafanya vilevile kama nyumbani, wanakimbiza mtoto mama asimuone. Likizo ya msiba wa mtoto, wiki mbili kwa baba na kwa mama, imeingia kwenye sheria Aprili 2020 tu. Kwa hiyo sio kwamba huku wana mioyo kuliko sisi, watu walipiga kelele mpaka ikabadilika.

Hizo sekunde 11 zako zihifadhi sehemu mbili. Simu za zamani zinakufa bila kuaga.

---

Mzaramo Asilia – Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Nimesoma yote. Mama Mapacha nisamehe, nilisema lile tunalosemaga. Fundi usifute.

---

Mzee wa Kibaoni – Jumanne, saa 3:00 asubuhi

Vijana, mjukuu wangu ndiye ananiandikia, mimi nasema.

Mwaka 1979 mke wangu alizaa mtoto wa kike akakaa siku mbili. Zamani zile kichanga kilikuwa mambo ya wanawake. Walimchukua akina mama, wakazika wenyewe nyuma ya nyumba, sisi wanaume tumekaa barazani tunazungumza habari za vita vya Uganda. Nilipewa pole moja, kesho yake nikaenda shamba. Sikuuliza amezikwa wapi hasa na mke wangu hakusema. Tukazaa wengine watano, wote wazima.

2016 mama yao akaugua ile ya mwisho. Usiku mmoja ananiambia, nikifa mnizike karibu na Zuhura. Nikamuuliza Zuhura yupi? Akaniangalia. Miaka 37 mtoto ana jina, alimpa mwenyewe, analitaja peke yake, mimi mwenye nyumba silijui.

Nilikwenda na tochi usiku uleule akanielekeza kwa mkono kutoka dirishani, pale penye mlangilangi. Mimi nilidhani aliupanda kwa ajili ya harufu.

Mwanangu muoneshe mkeo.

---

Kichuguu – Jumanne, saa 3:22 asubuhi

Shikamoo mzee.

---

Nesi wa Zamu – Jumanne, saa 3:41 asubuhi

Niongeze kitu kidogo halafu nilale. Watu wanadhani ni wachache, ndio maana kila mmoja anajiona yeye peke yake kapigwa. Utafiti wa afya wa nchi wa 2022 ulitoa 24, yaani katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai hapa Tanzania, 24 hawafikishi siku 28. Ukipanda daladala imejaa wanawake wazima, yumo. Wengi wao ni njiti kama Idrisa, au walichelewa kulia walipozaliwa, au maambukizi. Humu kwenye uzi tu tumeshafika wangapi?

---

Fundi Vioo – Alhamisi, saa 6:20 usiku

Mrejesho.

Presha 130 kwa 85, daktari kasema arudi wiki mbili, kabadilishiwa dozi. Tuliomba faili kama Nesi alivyosema, tukazungushwa kidogo lakini daktari mmoja wa kike akakaa na sisi karibu nusu saa. Mke wangu akamuuliza lile la mapazia. Daktari akasema hapana, akalirudia mara tatu, hapana mama. Barua kwa bosi imeenda, kajibu "sawa, pole" tu, mengine tutaona.

Sasa la picha. Nilifanya kama Mama Mapacha alivyosema. Jumanne usiku taa zimezimwa nikamwambia nina picha za Idrisa, nilimpiga, ziko salama, ukitaka siku yoyote niambie. Kimya. Nikasikia anahema. Halafu akasema, nilijua.

Nikamuuliza umejuaje. Kumbe siku ya pili yangu na mtoto nilimwonesha dada picha kule koridoni, dada akamwambia mama mkwe, mama mkwe akaropoka. Mwezi mzima ananisubiri niseme mwenyewe! Hakukasirika, yaani ningeelewa angekasirika. Akasema sio leo.

Jumatano hakusema kitu. Mimi naenda kazini nakata kioo vipimo vyote nakosea, bosi kaniambia nikapumzike.

---

Mama Mapacha – Alhamisi, saa 6:31 usiku

Subiri. Usimuulize. Na wewe kula.

---

Fundi Vioo – Jumapili, saa 11:15 jioni

Samahani kwa kimya wakuu. Saa tisa usiku wa kuamkia leo kaniamsha akasema lete simu.

Alianza na video. Kaitazama, akairudisha, sijui mara ngapi, mpaka chaji ikafika asilimia 9 nikatafuta waya. Hakulia. Mimi ndio nililia, yeye akanishika shingo huku anaangalia. Akasema masikio ni ya baba. Kweli ni ya baba mkwe, mimi sikuwa nimeona, nilikuwa naangalia ule mpira wa puani tu.

Halafu kwenye picha ya tatu akaivuta ikawa kubwa akaniuliza, hii khanga ni ya nani?

Mimi sikuwahi kuitazama. Zetu zilibaki kwenye bajaji usiku ule na begi lote la mtoto. Alipewa na mama mmoja wa kitanda cha pembeni mle kwa njiti, alikuwa na binti yake mdogo kuliko hata Idrisa, aliivua mabegani mwake akampa nesi. Jina sikumuuliza. Tulimzika Idrisa, khanga sijui ilienda wapi, nadhani walifua wakamrudishia, au ilibaki. Mke wangu akasema ningependa kumjua. Halafu akasema, binti yake alipona? Sijui pia.

Kumekucha ndio akamwita mama yake chumbani, wakafunga mlango. Nawasikia wanaongea, sio ndio na hapana. Mama mkwe katoka kaniambia nguo hazikugawiwa, ziko kwenye sanduku kwa shangazi Temeke, nikazifuate. Jumamosi ijayo tunaenda kaburini, shehe karuhusu, mama mkwe anakuja na dada anakuja.

Ombi langu la mwisho kwenye uzi huu kwa wenye kupita Kariakoo. Khanga yenyewe ni ya kijani na njano, ina korosho kubwa katikati, pindo jeusi. Maandishi yanaonekana maneno mawili tu, NANI KAMA, la tatu limekunjwa chini ya mgongo wake. Nimeulizia maduka mawili ya Mbagala wanayo ya bluu na nyekundu tu, yeye anataka ya rangi ileile. Mwenye kujua duka anitumie ujumbe, doti moja inatosha.